Usukani wa mashua umejikunja: usiulaumu mvule

Swali: Fundi, shikamoo. Nina mashua ndogo ya plaiwudi, urefu mita 4.8, naitumia kuvua na kutembeza familia hapa Tanga. Mwaka jana nilichongesha usukani wa ubao mmoja wa mvule, upana inchi 11, unene inchi 1, tukaupaka vanishi. Masika yalipokwisha nikaukuta umebonyea upande mmoja na ncha ya chini imejisokota. Sasa kana, yaani mpini wa usukani, inanivuta mkono wa kushoto safari nzima. Muuza mbao anasema ninunue mninga. Rafiki yangu anasema niachane na mbao nikate bamba la alumini. Mwingine amenionyesha plastiki nene nyeupe, ile ya kukatia nyama buchani. Nichukue ipi, na nifanyeje isipinde tena?

Jibu: Marahaba. Kabla hujatoa hela yoyote, tuhakikishe kwanza kwamba mwenye kosa ni usukani. Mashua nyingi huvuta kana kwa sababu zisizohusiana kabisa na ubao: mlingoti umelala nyuma mno, tanga limebanwa kupita kiasi, au chombo kimeinamishwa sana na upepo. Dalili ya kuyatofautisha ni moja na haidanganyi. Kama kosa ni la tanga, kana huvutwa kuelekea upande lilikolala tanga, na ukibisha, tanga likahamia upande wa pili, nayo kana huhama. Kama kosa ni la usukani, huvuta upande ule ule hata ukigeuza tanga mara ngapi. Wewe umesema "safari nzima", kwa hiyo nadhani tayari unajibiwa. Ukitaka uhakika, omba mwenye boti ya mashine akuvute polepole mahali pa maji tulivu, tanga likiwa chini, mashua ikiwa wima, kisha ushike kana kwa vidole viwili tu. Ikikimbilia kushoto hapo, hakuna tena pa kusingizia.

Sasa uvue usukani, uulaze mezani. Tafuta fito mbili zilizonyooka sawasawa, kila mmoja kama sentimita 50. Mmoja uukalishe juu ya ubao kwa mapana, karibu na bawaba ya juu. Mwingine karibu na ncha ya chini. Chuchumaa mpaka jicho lako liwe usawa wa fito hizo, uangalie wa mbele na wa nyuma. Zikiwa sambamba, hakuna msokoto. Ncha moja ya ufito wa nyuma ikijitokeza juu kuliko nyingine, umeuona msokoto wenyewe, na unaweza kuupima kwa rula. Halafu simamisha ufito mmoja kwa ukingo wake kukatisha mapana ya ubao, uchungulie mwanga chini yake: hapo ndipo unapoona ubonyeo. Milimita 1 usijisumbue nayo. Milimita 3 katika upana wa inchi 11 mkono wako utaihisi, maana ubao wenye tumbo upande mmoja na shimo upande wa pili hugeuza maji hata ukiwa umeuweka katikati kabisa. Unalazimika kuushika pembeni kidogo ili mashua iende sawa, na muda wote huo unaburuta maji bure. Msokoto ni mbaya zaidi: sehemu ya juu inataka kwenda huku, ya chini kule, na hakuna namna ya kushika kana ikazipatanisha.

Kwa nini umepinda? Mbao haitulii hata baada ya miaka mingi tangu mti uanguke. Hewa ikiwa na unyevu hunywa, ikikauka huachia, na kila inapokunywa hutanuka kwa mapana; kwa urefu karibu haibadiliki. Jambo ambalo wauza mbao wengi hawalisemi ni kwamba kutanuka huko si sawa pande zote. Kufuata mzunguko wa pete za ukuaji, mbao hucheza zaidi kuliko kutoka kwenye moyo wa mti kwenda ganda. Mvule, ukitolewa ubichi wote mpaka ukauke kabisa, husinyaa kama asilimia 3.8 kufuata pete na asilimia 2.8 kukatisha pete. Msaji, ambao kila mtu anausifu, ni kama 5.8 kwa 2.5. Kwa hiyo mvule wako si mti mtundu hata kidogo. Ni miongoni mwa mbao tulivu.

Geuza ubao wako uangalie kichwa chake, pale ulipokatwa kwa msumeno. Naweka dau kwamba pete zimelala kwa upinde, zikifuata upana wa ubao. Huo ni upasuaji wa kawaida: gogo hupasuliwa mbao moja juu ya nyingine, na mbao pana karibu zote zinatoka hivyo. Ubao wa namna hiyo una uso uliokuwa karibu na ganda na uso uliokuwa karibu na moyo, na nyuso hizo mbili hazichezi sawa. Ukikauka, uso wa upande wa ganda ndio unaobonyea. Ukilowa, huo huo ndio unaotoa tumbo. Ungekuwa umepasuliwa kwa namna ambayo pete zimesimama wima kwenye kichwa, ungetanuka kidogo tu, tena sawa pande zote mbili.

Tufanye hesabu kidogo. Ubao wako una upana wa milimita 280 na unene wa 25. Pwani yetu, mbao iliyo kivulini hutulia kwenye unyevu wa kama asilimia 14 hadi 16. Tuseme uso mmoja umepanda asilimia 10 juu ya hapo kwa kulalia mchanga mbichi. Kwa mvule uliopasuliwa kwa kulala, uso huo unataka kutanuka milimita 3 na nusu hivi. Uso wa pili, ulioangalia jua, haujasogea au umerudi nyuma. Ikibaki tofauti ya milimita 2 tu kati ya nyuso hizo, ubao wa unene huo unapinda karibu milimita 3 katikati. Hivyo ndivyo ulivyoukuta, bila ya mti kuwa na kasoro yoyote. Na usitegemee kwamba ukiukausha utarudi: nyuzi zilizotaka kutanuka zikazuiwa na zenzake hupondeka, na zikikauka huwa fupi kuliko mwanzo.

Msokoto una sababu nyingine. Mvule una nyuzi zinazopishana: tabaka moja linaelekea kulia, linalofuata kushoto. Utaliona hilo ukipiga randa, sehemu moja inakuwa laini na inayofuata inachanika. Ubao mmoja mpana unabeba mielekeo hiyo yote, na ikikosa kulingana, ndio huo msokoto wa ncha ya chini. Vanishi nayo haikukusaidia sana. Vanishi huzuia maji kwa muda, kisha jua huipasua, na inapasuka zaidi upande unaopigwa na jua. Ukishakuwa na upande mmoja uliopasuka na mwingine mzima, umeutengeneza mwenyewe mtambo wa kupinda mbao.

Hapo ndipo ninapotofautiana na muuza mbao wako. Watu wakichagua mti wa usukani hutafuta ugumu. Ugumu si tatizo la mashua ya mita 4.8. Usukani wako, ukizama kama sentimita 55, mashua ikienda noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa, hata ukiukata kwa nguvu unasukumwa na maji kama kilo 50. Mzigo huo, ukiuhesabu kwenye ubao wa inchi 1 wa mvule mkavu, haufiki hata sehemu ya 10 ya uwezo wake. Kwa kawaida kinachovunja misukani midogo ni mwamba, au tundu la bolti lililooza. Kwa hiyo usiniulize mti upi ni mgumu, uliza upi haubadiliki, umepasuliwaje, na umekauka kiasi gani.

Kwa kipimo hicho, mninga ni mbao nzuri sana, huyo muuzaji hakukudanganya. Ni katika mbao zinazocheza kidogo kabisa, haiozi upesi, inakubali randa na gundi. Lakini ubao mmoja mpana wa mninga, umepasuliwa kwa kulala, ukaachwa juani, nao utapinda, utachelewa tu. Bei yake pia siku hizi si ya mchezo, na kwa kuwa ni mti wa msitu wa asili, dai risiti na vibali vya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, usije ukabeba mzigo wa mtu mwingine. Mkongo, ambao wengine tunauita mbambakofi, umetulia vilevile ila ni mzito, na usukani mzito ni adha kila ukiuvua na kuuvika. Msaji kwako ni karibu, shamba la Longuza lipo hapo Muheza. Chagua mbao ya moyo, ile ya kahawia, uache ya pembeni yenye weupe, maana msaji uliovunwa ukiwa mdogo una weupe mwingi na huo weupe huoza. Mkangazi unafaa na ni mwepesi. Mkaratusi usiuguse kwa kazi hii, unacheza na kupasuka kuliko yote niliyoitaja. Paini ya Sao Hill ni rahisi na nyepesi, lakini inakunywa maji kama haina dini; ningeikubali tu ikiwa imefunikwa faibaglasi pande zote, na hata hivyo ni kwa mtu ambaye hana kingine.

Wewe lakini unacho kingine. Una mvule mkavu ulioununua mwenyewe kwa hela yako. Ushauri wangu ni kwamba usinunue mti mpya. Upasue huo huo vipande vyembamba, uvigeuze, uvigundishe upya.

Iko hivi. Ondoa bawaba na bolti zote. Piga randa nyuso zote mbili mpaka vanishi iishe na mbao safi ionekane, utapoteza kama milimita 1 kila upande. Kisha upasue kwa urefu, vipande vya milimita 27 hivi. Utapata vipande 9. Sasa kila kipande kigeuze robo mzunguko, ili ule uliokuwa uso wa ubao uwe ubavu unaogundishwa, na ule uliokatwa na msumeno uwe uso mpya. Angalia vichwa vyake: pete zilizokuwa zimelala sasa zimesimama wima. Kwa kugeuza tu umepata mbao ya daraja ambalo dukani ungeambiwa halipo. Halafu kimoja kiache kilivyo, kinachofuata kigeuze kichwa chini, hivyo hivyo mpaka mwisho, ili nyuzi za kipande hiki zielekee kinyume cha jirani yake. Mmoja akitaka kupinda kulia, jirani anavuta kushoto.

Vipande 9 vikikaa ubavu kwa ubavu vinakupa kama sentimita 20 na kidogo. Ulitaka zaidi, basi ongeza vipande 2 vya mbao nyingine yoyote tulivu uliyoipata kwa fundi samani, hata mabaki ya mninga. Sentimita 25 kwa mashua yako zinatosha. Inchi 11 zilikuwa nyingi, kusema kweli, na upana huo huo ndio uliokuongezea matata.

Kabla ya gundi, pima ukavu. Kata kipande kidogo cha mvule huo, ukipime kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kitie kwenye oveni, nyuzi joto 100 na kidogo, ukitoe kila baada ya saa kadhaa ukipime, mpaka uzito uache kushuka. Kama kilikuwa gramu 116 kikaishia 100, unyevu wake ulikuwa asilimia 16. Ukiwa 14 hadi 16, endelea. Ukizidi 18, vipange vipande kivulini, na vijiti vidogo katikati yake ili upepo upite pande zote, ungoje. Usivipeleke juani kuharakisha. Wala usisumbuke kuvishusha hadi 8 kama vitabu vya nchi za baridi vinavyotaka: usukani wako utaishi Tanga, na mbao iliyofungiwa ikiwa na unyevu ule ule wa hewa inayoishi nayo haina sababu ya kusogea.

Gundi iwe epoksi ya sehemu mbili. Gundi nyeupe ya samani haifai majini, hata kopo likiandikwa nini. Tandika nailoni juu ya meza iliyonyooka, paka epoksi nyepesi pande zote mbili za kila kiungo zinywe kwanza, kisha paka iliyoongezwa unga wa kuifanya nzito. Kaza klampu kiasi cha gundi kuchungulia kwenye viungo, basi. Ukikaza kwa nguvu zote unaifukuza gundi yote nje na kiungo kinabaki kikavu. Na kama ubao ule uliwahi kupakwa sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka vyombo, niambie mapema, au tafuta mbao nyingine. Mafuta ya samaki ni dawa nzuri kwa chombo cha misumari na pamba, lakini yakishaingia ndani ya mbao hakuna epoksi wala faibaglasi itakayoshika. Msaji nao una mafuta yake ya asili. Ukiutumia, futa viungo kwa asitoni muda mfupi kabla ya kupaka.

Kuchonga umbo kuna kanuni moja inayohusu kupinda, na wengi wanaivunja bila kujua: punguza pande zote mbili kwa zamu. Ukichonga upande mmoja mpaka uishe leo, ukalala, ukaja kumalizia wa pili kesho, asubuhi utaukuta ubao umeshajivuta, kwa sababu mbao ya ndani umeifunua upande mmoja tu. Piga randa kidogo huku, geuza, kidogo kule. Ukiondoka jioni, usiulaze mezani. Usimamishe ili hewa ipite sawa. Unene mkubwa uwe karibu theluthi ya kwanza kutoka ukingo wa mbele, ukingo wa mbele uwe wa mviringo, kisha ushuke taratibu kwenda nyuma. Ukingo wa nyuma usiufanye kama kisu. Uache milimita 3, ukatwe sawa, pembe zake zikiwa kali. Mwembamba kuliko hapo unabanjuka, na wa mviringo mara nyingi ndio unaoanza kuimba mashua ikishika mwendo. Kata kigezo cha kadibodi cha upande mmoja ukitumie pande zote mbili.

Kisha faibaglasi. Kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba, tabaka moja kila upande, kinatosha kwa chombo chako, na kipake pande zote mbili siku moja au siku mbili zinazofuatana, kitambaa kile kile, resini ile ile. Upande mmoja tu ni kosa, maana resini ikikauka husinyaa kidogo na kuvuta. Kazi hii ifanye alasiri, joto linaposhuka. Ukiianza asubuhi, jua likipanda hewa iliyomo ndani ya mbao inatanuka na kutoka kupitia epoksi mbichi, inakuachia vitundu vidogo uso mzima, na kila kitundu ni mlango wa maji. Juu ya kitambaa ongeza koti 2 za epoksi, piga msasa, kisha rangi.

Rangi iwe nyeupe au ya mwanga. Hili nalikazia. Epoksi iliyokauka kwa joto la kawaida huanza kulegea kwenye nyuzi 50 hadi 60, na kitu cheusi kilichoachwa juani kwenye mchanga wetu kinazifika hizo bila taabu. Usukani mweusi au wa buluu ya kiza, umeegemezwa mnazi tangu asubuhi, unaweza kupinda hata kama ndani hakuna tone la maji. Rangi pia ndiyo inayoikinga epoksi na jua lenyewe, ambalo huifanya iwe ya njano kisha unga.

Tundu za bolti ndizo zinazoua usukani mzuri kuliko kitu kingine, na watu huzipita haraka. Ukitoboa tundu la bolti ya milimita 10 kwenye mbao, umefunua nyuzi za mbao kwa ndani, na bolti inapocheza inazikamulia maji. Toboa kwanza tundu kubwa, milimita 16 hivi. Ziba upande mmoja kwa utepe, jaza epoksi nzito, iache ikauke kabisa, kisha toboa milimita 10 katikati yake. Bolti sasa inakaa ndani ya bomba la epoksi na haigusi mbao kabisa. Kazi ya jioni moja, na ndiyo iliyo na faida kubwa kuliko zote nilizokutajia. Bolti na skrubu ziwe za stenlesi, daraja la 316 ukilipata. Skrubu za shaba ya njano za dukani zisikuvutie: maji ya chumvi huila zinki iliyomo, skrubu inageuka rangi ya waridi, na siku ukiikaza inakatika kama biskuti.

Ukingo wa chini ndio unaokwaruza mchanga na matumbawe maji yakitoka, na kwetu bamvua hushuka sana, karibu mita 4 kati ya kujaa na kupwa. Hapo chini ni vichwa vya nyuzi, yaani midomo wazi. Gundisha kipande cha kamba nyembamba ya nailoni kilicholowekwa epoksi kuzunguka ukingo wote wa chini, kisha kifunike kwa kitambaa. Kitachakaa, utakibadilisha. Kama mahali unapotia nanga pana miamba mingi, fikiria usukani wa kupandisha, wenye mashavu mawili ya plaiwudi ya milimita 12 na ubao unaocheza katikati. Acha nafasi ya milimita 1 kila upande, uweke washa pana ulizokata kwenye ndoo ya plastiki, maana ubao ulionenepa kidogo kwa unyevu ukibanwa na mashavu haushuki wala haupandi, na utaligundua hilo unapoingia mlango wa bandari, pahali pabaya kabisa pa kuligundua.

Plaiwudi hukuuliza, lakini nitasema neno. Ile ya baharini halisi, yenye muhuri wa BS 1088, haibonyei kirahisi kwa kuwa matabaka yake yamepishana. Upungufu wake ni kwamba karibu nusu ya nyuzi zimelala kwa mapana na hazikusaidii dhidi ya kuvunjika, kwa hiyo unahitaji unene zaidi, na ukiichonga umbo bila kulinganisha pande mbili unaondoa matabaka huku ukayaacha kule, inapinda. Ya kawaida ya ujenzi usiiamini kwa muhuri. Kata kipande kidogo, kichemshe kwenye sufuria saa kadhaa, kikaushe, ukichemshe tena. Kikifunguka, umejua. Na mbao za unga uliogandishwa wala usizikaribie.

Alumini ya rafiki yako si wazo baya. Maji hayaipindi. Bamba la milimita 6, sentimita 25 kwa 90, lina uzito wa kilo 3.6, karibu sawasawa na ubao wa mvule wa inchi 1 wa ukubwa huo. Lakini ukigonga mwamba, mbao huchubuka na bamba hupinda likabaki limepinda, na kulinyoosha sawasawa ni kazi. Bamba bapa pia halishiki maji vizuri kama ubao uliochongwa umbo. Ukikata kana ghafla linaachia. Ukiliendea, tafuta la daraja la baharini, 5083 au 5052, si bamba lolote la mapambo ya magari, na kila mahali stenlesi inapogusa alumini weka washa na bomba la plastiki. Bila hivyo, maji ya chumvi yanaifanya alumini iliwe kuzunguka kila bolti, unga mweupe unatoka, na tundu linapanuka. Rangi za kuzuia chaza zenye shaba ndani nazo ni sumu kwake.

Plastiki ya buchani, yaani poliethilini, haiozi, haitaki rangi, inaelea. Wanaoipenda wana hoja. Lamu mwaka 2018 mafundi walitengeneza Flipflopi, chombo kizima cha plastiki iliyorejelezwa, na mwanzoni mwa 2019 kikasafiri mpaka Zanzibar. Ila usichukue bamba jembamba ukatarajia hayo. Plastiki hiyo ina ukakamavu wa kama sehemu ya 10 ya mbao, kwa hiyo ili iwe ngumu sawa na ubao wako inatakiwa iwe na unene wa zaidi ya mara 2. Joto huipindua kuliko maji yanavyopindua mvule: mita 1 ikipanda nyuzi 30 inarefuka kama milimita 4, na ukiiacha jua linapiga upande mmoja inajikunja wakati huo huo. Ikipoa hurudi, lakini ikiwa iliegemezwa na uzito juu yake hubaki ilivyo. Na haishiki gundi, kwa hiyo huwezi kuifunika faibaglasi kuisaidia. Kwa boti ya kukodisha watalii ufukweni, inayogongwa kila siku, ningeikubali, milimita 25 au zaidi. Kwako, hapana.

Kuhusu kuuhifadhi: popote usipotumika, uvue. Utundike kwa kamba kupitia tundu la juu, kivulini, hewa ikipita pande zote mbili. Usiuegemeze ukutani, usiulaze mchangani, usiufunike kwa nailoni inayobana jasho upande mmoja. Ukikosa pa kuutundika, uuvike mfuko wa turubai jeupe.

Kama unataka usukani huu wa sasa ukufae wiki chache wakati unakusanya epoksi, kuna njia ya muda. Kwangua vanishi pande zote mbili. Tandika magunia yaliyoloweshwa, ulaze ubao upande uliobonyea ukiwa chini, tumbo likiangalia jua la asubuhi. Upande wa chini utakunywa, wa juu utaachia, na katika saa chache au siku moja utauona unashuka. Uangalie kila mara kwa ule ufito, uutoe unapokaribia kunyooka, maana ukiusahau unapita upande wa pili. Msokoto hautatoka hivyo, ubonyeo tu. Ukishanyooka, paka koti la vanishi pande zote mbili siku hiyo hiyo, na vichwa vya juu na chini vipake mara tatu, kwa kuwa huko ndiko mbao inakunywa upesi kuliko kwingine kote. Utakuvusha mpaka hapo, kisha uupasue.

Na usukani mpya ukishakuwa majini, kila kusi inapoingia na kila kaskazi inapoingia uuvue, uoshe kwa maji baridi ya bomba, upitishe kidole kwenye ukingo wa chini na kuzunguka kila tundu la bolti. Pakiwa na ufa, au mbao imekuwa nyeusi chini ya kitambaa, maji yameingia. Kwangua hapo tu, uache pakauke siku kadhaa kivulini, uzibe kwa epoksi na kipande cha kitambaa, upake rangi. Usingoje uone kana inavuta.